Chuma chenye kumbukumbu kina faida gani kwa mkulima wa Kidete?

MKULIMA wa Kidete, wilayani Kilosa, akiambiwa kuna wanasayansi wanaotafiti vyuma "vinavyokumbuka" umbo lake, huenda akacheka na kuendelea na palizi. Simlaumu. Hata hivyo, mahindi, mpunga, ufuta na vitunguu vya wilaya hii vinahitaji reli na madaraja ili vifike sokoni, na hapo ndipo utafiti huo unapogusa mfuko wake.

Tuanze na chuma chenyewe. Mwaka 1932 mtafiti wa Sweden, Arne Ölander, aliona tabia ya ajabu katika mchanganyiko wa dhahabu na kadimi. Miaka 30 hivi baadaye, maabara ya Jeshi la Majini la Marekani ikaikuta katika mchanganyiko wa nikeli na titani. Ukiupinda waya wake kisha ukautia kwenye maji ya moto, unarudi ulivyokuwa. Siri iko katika mpangilio wa chembe zake: zikiwa baridi hukaa kwa namna inayopindika, zikipata joto hurudi katika mpangilio wa awali. Leo madaktari huutumia kutanulia mishipa ya damu iliyoziba na kunyoosha meno.

Tatizo ni bei. Hakuna nchi itakayojenga daraja kwa waya wa meno. Ndiyo maana ugunduzi wa Japani wa mwaka 1982 ulikuwa mkubwa: mchanganyiko wa chuma, manganizi na silikoni nao una kumbukumbu hiyo, kwa gharama ndogo zaidi. Wajapani wameutumia kuunganishia reli za winchi kubwa. Huko Uswisi, watafiti wa taasisi ya Empa wameutumia kuimarisha zege. Fimbo huvutwa kiwandani, hufungwa kwenye boriti iliyochoka, kisha hupashwa joto la nyuzi 200 hivi. Inataka kurudi fupi lakini imeshikwa pande zote, hivyo inaibana zege na kuzuia nyufa.

Sasa turudi Kidete. Reli ya Kati hupita hapa katika bonde la Mto Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta la reli, yakawaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi, na treni zikakatika kwa miezi kadhaa. Usafiri ukipanda bei, wengi hudhani anayeumia ni mlaji wa Dar es Salaam. Mara nyingi sivyo. Mnunuzi hukata gharama hiyo kwenye bei anayompa mkulima shambani, na mbolea inayoletwa nayo hupanda.

Je, chuma hiki kingezuia hasara ile? La. Kinaweza kuimarisha daraja au kalvati iliyozeeka, lakini maji yakichimba udongo chini ya tuta, kumbukumbu ya chuma haisaidii kitu. Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza iende kwenye hifadhi ya vyanzo vya Mkondoa, kwenye Bwawa la Kidete na kwenye njia za kupitishia maji. Shilingi inayofuata ndiyo iende kwenye madaraja.

Na hapo tusiidharau sayansi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi. Wapewe boriti moja ya zamani waijaribu, kisha gharama ilinganishwe na ya kujenga upya. Katika hesabu hiyo ziingizwe siku ambazo treni ingesimama, kwa kuwa ukarabati wa bei nafuu unaofunga njia wiki sita si nafuu kwa mwenye magunia stesheni.

Jambo la mwisho ni nikeli. Aina kadhaa za vyuma hivi huihitaji, na tunayo Kabanga, wilayani Ngara. Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba unaoipa hisa asilimia 16 katika mradi huo. Wakulima wa korosho wanajua vizuri maana ya kuuza mali ghafi na kumwachia mwingine faida ya kubangua. Tusirudie kosa hilo kwa nikeli.

Wakazi wa Kidete na Kilosa, diwani wenu akija, muulizeni maswali mawili: bwawa limefikia wapi, na nani anakagua madaraja kabla ya masika?