Tusiikimbie Kemia

Wanafunzi wenzangu wengi husema Kemia ni somo la kukariri alama tu, halina faida nyumbani. Mimi sikubali. Tazameni dawa za malaria. Ndani ya klorokwini atomu za kaboni zimeshikana mfano wa pete, na katika pete moja imo atomu ya naitrojeni. Wataalamu wa Ujerumani waliitengeneza mwaka 1934, ikaponya watu wengi. Lakini kijidudu cha malaria kikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha. Tangu 2006 twatumia dawa mseto, ambayo sehemu yake moja hutokana na pakanga ya Uchina, mmea uliopata kulimwa hata hapa Arusha. Sasa Rwanda na Uganda kijidudu kimeanza kuizoea hiyo nayo.

Basi, nani atatengeneza pete nyingine? Kijidudu hakichoki; tukichoka sisi, watakaoumia ni wadogo zetu. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, chini ya Mlima Meru, nayo yahitaji wanafunzi. Wazazi, tutieni moyo, wasichana kwa wavulana. Wenzangu, Kidato cha Tano tuchague Kemia.