Usikivu Hafifu Usidhaniwe Ukaidi

Mwanafunzi wa Kidete, penye kituo cha reli wilayani Kilosa, aweza kusikia barabara honi ya treni, kisha asisikie swali la mwalimu. Wengi huharakisha kumwita mkaidi, kwani honi ameisikia. Hukumu hiyo haina msingi, na biolojia yaonyesha sababu.

Nyuma ya ngoma ya sikio mna chumba kidogo kiitwacho sikio la kati. Ili vifupa vyake vitatu vipitishe vema mitetemo ya sauti, chumba hicho chapasa kujaa hewa, si maji. Seli za utando wake hukikausha kwa kufyonza ioni za sodiamu kutoka katika umajimaji uliomo, nayo maji huzifuata kwa osmosisi.

Kazi hiyo hutegemea oksijeni. Katika sikio zima la binadamu, kanieneo ya oksijeni ni kati ya milimita 44 na 54 za zebaki; katika hewa ya nje, kwenye usawa wa bahari, ni kama 160. Mafua yakivimbisha mrija uunganishao sikio na koo, hewa mpya haiingii na oksijeni hupungua. Mwaka 1999, watafiti wa Ufaransa waliochunguza seli za sikio la kati zilizooteshwa maabarani walieleza kwamba upungufu wa oksijeni wa muda mrefu hupunguza ufyonzaji wa sodiamu. Oksijeni iliporejeshwa, ufyonzaji nao ulirejea.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, umajimaji huo umo nyuma ya ngoma. Mafuta ya moto au maji ya majani yatiwayo sikioni hayaufikii, bali yaweza kudhuru. Pili, umajimaji hufifisha sauti bila kuizuia kabisa. Ndiyo maana honi husikika na maneno hupotea. Fimbo haiongezi oksijeni sikioni.

Yafaa basi mwanafunzi wa namna hiyo aketishwe mbele, asemezwe akiuona uso wa mwalimu, na wazazi washauriwe kumpeleka kwenye kituo cha afya. Aidha, mwalimu wa biolojia afundishaye usafirishaji wa ioni kwa mifano ya mizizi na figo aongeze na sikio. Somo hilo likieleweka, huenda likamwokoa mtoto aketiye dawati la nyuma.