Kipya Kinyemi Kingawa Kidonda

Usiku mmoja wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, barabara ikiwa imekatika, nilikaa na mwanafunzi mgonjwa bwenini huku nikiita msaada kwa redio ya kuazima. Kila nilipomaliza kueleza, upande wa pili ulijibu, "Hatukupati, rudia." Nilirudia hadi sauti ikakauka. Kijana alipona, Mungu ashukuriwe, lakini tangu siku ile najua kwamba mawasiliano huanza na sikio, si na mdomo.

Ndiyo maana niligombana na wenzangu. Sisi wapenzi wachache wa redio za ridhaa tulitaka kuweka ripita kilimani, yaani mtambo unaopokea sauti hafifu ya redio ya mkononi na papo hapo kuirusha kwa nguvu, ili aliye ng'ambo ya mlima asikie. Mfuko ulikuwa mwembamba. Vijana wakasema, "Shikamoo Mwalimu. Tununue redio mbili mpya za mkononi, za bei ndogo, tuziunganishe. Mitumba tumeichoka." Nilikataa, na hadi leo nakataa.

Huu si ukaidi wa uzee. Katika bendi ya mita 2, ripita kwa kawaida husikiliza kilohezi 600 tu kutoka pale inaporusha. Ni sawa na kumtaka mtu asikie mnong'ono huku mwenyewe akipiga kelele. Makopo ya kuchuja mawimbi husaidia, lakini hayamtibu kiziwi. Nyingi ya redio hizo za bei ndogo huweka karibu kazi yote ya kupokea ndani ya kijipande kimoja, bila vichujio madhubuti mlangoni. Mkononi zinafaa, kilimani, kando ya minara ya watu wengine, huzibwa masikio.

Sasa tazama huo mtumba unaodharauliwa. MASTR II ya General Electric na Micor ya Motorola ni mitambo iliyotumika sana Marekani katika miaka ya 1970, ikajengwa kwa kazi ya mchana na usiku, na vipokezi vyake vina vichujio imara mbele. Kisha, tarehe 1 Januari 2013, watumiaji wengi wa redio za kazi nchini humo walitakiwa kupunguza upana wa chaneli kutoka kilohezi 25 hadi 12.5. Mitambo mizima ikawekwa kando kwa amri, si kwa ubovu. Amri hiyo haikuwahusu watu wa ridhaa.

Sisemi kila mtumba unafaa, la hasha! Ipo inayohitaji fuwele mpya ili ifike kwenye masafa yetu. Ipo ambayo kapasita zake zimekauka na soketi zimeota kutu. Basi usinunue kwa macho. Hakikisha imetengenezwa kwa bendi iliyo karibu na yako. Uliza inasikia wimbi dogo kiasi gani; nzuri hutosheka na mikrovolti 0.35 au pungufu. Kisha ifunge na makopo yake, pokea wimbi hafifu, na uwashe kirushaji. Wimbi likizama, mrudishie mwenyewe mali yake.

Mimi nilishindwa kwa kura. Redio mpya zikapanda kilimani, tukapiga makofi. Leo aliye jirani na kilima husikika vizuri, naye hana haja ya ripita. Aliye bondeni, ambaye kwa ajili yake tulichanga, anaita bure. Sasa tunachanga mara ya pili, na bado wapo wanaouliza mtambo utakuwa na wati ngapi.

Wati ni za mdomo, wanangu. Nunueni sikio kwanza.