Kuharisha kusikoisha: nyongo nayo ishukiwe

Mtu akiharisha zaidi ya wiki nne, hospitalini hupimwa choo kutafuta amiba na giardia, hupimwa VVU, na majibu yakitoka safi huambiwa ana IBS, yaani tumbo linalosumbua bila kidonda wala mdudu. Huondoka na ushauri wa kupunguza mawazo na pilipili. Wengi wa hao wanaachwa mapema mno. Tafiti za nchi za Magharibi zinaonyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya wenye IBS ya kuharisha wana tatizo la nyongo, na nyongo ina dawa.

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli ili mafuta ya chakula yasagike. Kazi ikiisha, takriban asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Sehemu hiyo ikikatwa, ikiunguzwa na mionzi ya kutibu saratani au ikiliwa na ugonjwa wa Crohn (na kwetu kifua kikuu cha tumbo hupenda kukaa papo hapo), asidi humwagika kwenye utumbo mpana, nao hutoa maji. Ndiyo maana mgonjwa hukimbilia choo hata usiku wa manane. Wengine huanza baada ya kutolewa mfuko wa nyongo. Wengine utumbo wao hauna kasoro yoyote ila ini linazalisha asidi hizo kupita kiasi.

Daktari Alan Hofmann alieleza kuharisha kunakotokana na kuharibika kwa mwisho wa utumbo mwembamba mwaka 1967. Kolestiramini, unga wa kushusha kolesteroli, hunasa asidi hizo tumboni na kutoka nazo chooni. Ndugu yake wa vidonge, kolesevelamu, alijaribiwa Denmaki: matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa 22 waliothibitishwa kwa kipimo cha damu na kupewa dawa hiyo, 14 walitulia; waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 19, wakatulia watatu. Idadi ni ndogo, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Waingereza katika mwongozo wao wa 2018 walisema pima kwanza, usibahatishe na dawa. Kwao sawa, kwa kuwa kipimo wanacho: mgonjwa humeza kidonge chenye seleniamu ya mionzi, hupigwa picha, na baada ya siku saba hupigwa tena kuona kilichobaki mwilini. Hata Marekani kipimo hicho hakijaidhinishwa. Pasipo kipimo, kumnyima mgonjwa majaribio ya wiki chache chini ya daktari ni kumwadhibu kwa upungufu wa mashine. Hofu ya kuficha saratani ni ya kweli, kwa hiyo mwenye damu chooni, homa, upungufu wa damu au anayekonda achunguzwe utumbo kwanza.

Unga wa kolestiramini hauna ladha nzuri, na hunasa pia dawa nyingine. Warfarini, thairoksini na vidonge vya uzazi wa mpango vimezwe saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baadaye, na akiutumia muda mrefu vitamini A, D, E na K zifuatiliwe. Aliyekatwa zaidi ya sentimita 100 za mwisho wa utumbo mwembamba huenda akazidi kuharisha mafuta, maana nyongo yake imekwisha pungua. Kwa huyo daktari asome kwanza faili la upasuaji.