Mpangaji apimwe kwa rekodi yake, si kwa jina la ukoo

ANAYETAFUTA nyumba ya kupanga mjini Nakuru hukabiliwa na maswali mawili kabla ya kukabidhiwa ufunguo. La kwanza linahusu kazi yake na uwezo wake wa kulipa kodi, nalo ni la haki. La pili huulizwa kwa sauti ya chini na msimamizi wa ploti, au halitamkwi kabisa kwa sababu jina lililo kwenye kitambulisho limekwisha kulijibu: "Kwenu ni wapi?"

Kuanzia Kaptembwo na Rhonda hadi Free Area, Lanet na Langa Langa, si siri kwamba jibu la swali hilo la pili laweza kumfungia mtu mlango hata akiwa na kodi ya miezi mitatu mkononi. Huambiwa kwa upole kwamba chumba kilichukuliwa jana. Wiki moja baadaye, kibao cha kutangaza nyumba bado kinaning'inia langoni.

Si haki kuwakejeli wenye nyumba kwa kuchagua wapangaji wao. Wengi wao si matajiri. Ni walimu wastaafu, wafanyabiashara wadogo na wakulima waliojenga kwa pensheni au kwa mikopo ya benki na vyama vya ushirika. Mpangaji anapokosa kulipa kwa miezi minne, benki haingoji.

Sheria nayo haimruhusu landilodi kung'oa mlango, kuezua paa au kutupa vyombo vya mpangaji nje apendavyo. Kukamata mali kwa ajili ya malimbikizo ya kodi kuna utaratibu wake, na kumfurusha mtu kunahitaji idhini ya kisheria. Jopo linaloamua mizozo ya kodi za nyumba za makazi lina mamlaka juu ya nyumba zenye kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za mjini zimekwisha kukipita. Mwenye nyumba aliye juu ya kiwango hicho hubakia na mahakama za kawaida, pamoja na gharama na ucheleweshaji wake. Ndiyo maana humchunguza mtu kabla ya kumkubali.

Kuna pia suala la usalama. Mnamo 2022 Nakuru ilitikiswa na mauaji ya wanawake katika eneo la Mawanga, na magenge ya vijana yakawa gumzo la nchi nzima. Baada ya matukio kama hayo, hakuna anayeweza kumlaumu mwenye nyumba kwa kutaka kujua ni nani atakayelala ndani ya ua wake.

Hoja ni kwamba swali la kabila halijibu lolote kati ya mambo hayo. Halimwambii landilodi iwapo mgeni ana kazi, iwapo alimwachia mwenye nyumba wa awali deni, wala iwapo ana rekodi ya uhalifu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako: tapeli wa kodi aweza kuwa mtu wa kijiji kimoja na mwenye nyumba, na mara nyingi huyo ndiye asiyeulizwa maswali.

Hata hivyo, mwenye nyumba wa Nakuru ana hoja moja nzito ambayo wahubiri wa umoja hupenda kuikwepa. Atakuambia kwamba hana chuki na yeyote. Anachoogopa ni moto. Aliona ploti zikiteketezwa kwa sababu ya majina ya waliokuwa wakiishi humo, na hataki yake iwe inayofuata.

Hofu hiyo ina historia. Katika mapigano ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 1997, maeneo ya Molo, Olenguruone na Njoro yaliwatimua maelfu ya watu mashambani. Baadhi yao walikimbilia mjini na kuwa wapangaji. Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, mji ulidhaniwa kuwa kimbilio. Katika wiki ya mwisho ya Januari 2008, ghasia zikaingia mjini Nakuru kwenyewe, kisha zikafika Naivasha.

Huko Naivasha, wengi wa waliolengwa walikuwa wapangaji, wakiwemo vibarua wa mashamba ya maua. Januari 27, 2008, watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja katika mtaa wa Kabati. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi ya waliofurushwa makwao.

Baada ya hapo, watu walijipanga upya. Waliokuwa wachache katika mtaa mmoja walihamia kule walikodhani kuwa wengi, na wenye nyumba wakaanza kuwachuja wapangaji ili wafanane na majirani. Kilichoanza kama tahadhari ya miezi michache kikageuka desturi.

Lakini je, desturi hiyo imewalinda? Tutazame kwa makini. Mtaa wa kabila moja humrahisishia kazi mshambulizi. Hana haja ya kuuliza majina mlango kwa mlango, kwa kuwa mtaa mzima umekwisha kujitambulisha. Katika ploti iliyochanganyika, moto wa kumlenga mmoja huunguza na wa kabila la anayeuwasha. Aidha, masimulizi ya 2008 yana visa vingi vya watu waliookolewa na majirani wa makabila mengine, waliowaficha au kuwaonya mapema. Jirani wa namna hiyo hapatikani pale ambapo wenye nyumba wamehakikisha kwamba hakuna jirani aliye tofauti.

Hasara ya landilodi mwenyewe pia ni dhahiri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 katika mji wa Nakuru, na Desemba 1, 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Jiji hili limejengwa na wahamiaji tangu enzi ya reli na mashamba ya walowezi. Leo soko la nyumba hutegemea wanafunzi wa Egerton na Kabarak, wafanyakazi wa maua wa Naivasha, mafundi wa mvuke wa Olkaria, wauguzi, madereva na watumishi wa umma wanaohamishwa kutoka kila pembe ya nchi. Anayemkataa mlipaji mwema kwa sababu ya jina huacha chumba chake kikikaa bure.

Mazoea haya yana mizizi mirefu kuliko siasa za vyama vingi. Chini ya ukoloni, Waafrika mijini walitengewa maeneo yao, mbali na ya Wazungu na ya Wahindi. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande kilichoeleza ametoka wapi na anamfanyia nani kazi. Mjini alihesabiwa mgeni, na kwao palikuwa kwingine. Swali la "kwenu ni wapi?", linapotumiwa kumnyima mtu chumba, ni mjukuu wa fikra hiyo. Tofauti ni kwamba leo Mwafrika ndiye anayemuuliza Mwafrika mwenzake.

Serikali nayo haijasaidia sana kutenganisha usalama na asili. Mpango wa Nyumba Kumi uliozinduliwa 2013 uliwataka Wakenya wawajue majirani zao. Lengo lilikuwa jema, lakini landilodi hakupewa mwongozo wa kutosha kuhusu mambo ambayo ana haki ya kuuliza na yale ambayo hana. Akabaki kujiamulia nani anafanana na hatari.

Uingereza ilipita njia hiyo. Mnamo 2016, sheria iliwalazimu wenye nyumba kote England kuthibitisha kwamba mpangaji ana haki ya kuwa nchini. Mnamo 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba utaratibu huo ulikuwa ukisababisha ubaguzi dhidi ya watu wasio na pasipoti ya Uingereza na wenye majina ya kigeni. Mahakama ya Rufaa iliiacha sheria hiyo isimame mwaka uliofuata, lakini ilikubali kwamba ubaguzi ulikuwepo. Funzo ni kwamba mwenye nyumba akikabidhiwa kazi ya ulinzi bila kipimo, atatumia kipimo kilicho karibu zaidi, yaani jina na sura.

Sheria za Kenya ziko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 hakiifungi serikali pekee. Kinamkataza pia mtu binafsi kumbagua mwenzake kwa misingi kama vile kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au dini. Kifungu cha 31 kinamlinda mtu dhidi ya kudaiwa habari za familia yake bila sababu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaliwa na majeraha ya mwaka huo huo, inagusa ubaguzi katika masuala ya mali.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hiyo imeweka asili ya kikabila, hali ya ndoa na majina ya watoto na wazazi katika kundi la data nyeti. Haikatazi kabisa kuzikusanya, ila inamtaka anayezikusanya awe na sababu halali na azilinde. Daftari la msimamizi wa ploti lililojaa nambari za vitambulisho na kuachwa juu ya meza langoni ni kosa linalosubiri mlalamishi.

Mbona basi kesi ni adimu? Kwa sababu ubaguzi wa mlangoni hauachi stakabadhi. "Chumba kimechukuliwa" ni maneno yasiyoweza kushtakiwa. Mwenye shida ya nyumba hana muda wa kukusanya ushahidi. Huchukua virago vyake na kujaribu mtaa unaofuata. Kwa hivyo tiba haitatoka mahakamani pekee.

Itatoka katika utaratibu bora wa kuchuja, ambao pia ni bora kwa mfuko wa landilodi. Maswali yawe yale yale kwa kila anayebisha hodi, na yaandikwe. Kitambulisho kikaguliwe ili kuthibitisha kwamba aliyekileta ndiye mwenyewe, basi. Mpangaji aonyeshe chanzo cha mapato: barua ya mwajiri, leseni ya biashara au taarifa za malipo ya simu.

Mwenye nyumba wa awali aulizwe kama kodi ililipwa kwa wakati. Afadhali aulizwe na yule aliyemtangulia, kwa kuwa wa sasa aweza kumsifu mpangaji mbaya ili amwondokee. Mkataba uandikwe, na arubuni itolewe kwa risiti. Msimamizi wa ploti aelezwe kwamba hana mamlaka ya kumkataa mtu bila sababu inayoweza kuandikwa na kusomwa mbele yake.

Kwa upande wake, serikali inapaswa kupandisha kiwango cha kodi kinachoshughulikiwa na jopo la mizozo. Landilodi akijua kwamba mpangaji sugu ataondolewa kwa haki na kwa haraka, hatalazimika kubahatisha kwa kutazama majina. Serikali ya kaunti nayo ingeweza kutoa fomu moja fupi ya maombi ya nyumba, isiyo na nafasi ya kujaza kabila wala wilaya ya wazazi.

Kalenda ya Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Agosti 2027. Katika Bonde la Ufa, misimu ya kura huanza na minong'ono ya nani ahame na nani abaki. Kila chumba kinachopewa mtu kwa sababu analipa na kuishi vyema na wenzake ni mlango mmoja ambao minong'ono hiyo haitaupata wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenye nyumba wa Nakuru wanajua kuliko wengi gharama ya kujenga upya.