Mdoli wa Mgonjwa Uulizwe, Usichekwe

Madaktari wanapokaribia kuanza mzunguko wa asubuhi wodini, mgonjwa hukitengeneza kitanda chake kama mwenye nyumba anayetarajia wageni. Shuka hunyooshwa, bakuli la uji husogezwa pembeni, simu hufichwa. Binti wa miaka 24, aliyelazwa kwa maumivu ya tumbo yasiyoonekana katika vipimo, huongeza jambo moja zaidi: humsukuma chini ya mto sungura wake wa manyoya, aliyechakaa na mwenye sikio moja lililoshonwa upya. Anajua akionekana naye atachekwa, na mara nyingi hakosei. Mmoja atasema, "Dada mzima na mdoli?" Wenzake watatabasamu, na msafara utahamia kitanda kinachofuata. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo, binti huyo amejifunza kwamba katika wodi hiyo yapo mambo yasiyosemwa, na huenda chanzo cha maumivu yake ni mojawapo.

Mfano huo hauhusu mtu mmoja. Ni picha ya jambo linaloweza kutokea katika wodi au zahanati yoyote. Wapo wasichana na wanawake vijana wengi, wenye shahada, kazi, wachumba na hata watoto, ambao hawalali bila mdoli waliokuwa nao tangu utotoni au walioupata shuleni. Baadhi ya wahudumu wa afya huona hapo utoto uliokawia kwisha. Baadhi ya wazazi huona aibu. Baadhi ya wagonjwa wenyewe hujiuliza kama wana kasoro ya akili. Mitazamo hiyo mitatu inastahili kurekebishwa. Kupenda mdoli katika utu uzima, peke yake, si ugonjwa. Ni sehemu ya historia ya mgonjwa, nayo inafaa kuulizwa kwa heshima ileile inayotumika kuuliza habari za ndoa, kazi na msiba.

Uelewa wa kitabibu wa jambo hili una zaidi ya miaka 70. Mwaka 1951 Donald Winnicott, daktari wa watoto na mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi wa Uingereza, alitoa mada iliyochapishwa mwaka 1953 kuhusu kile alichokiita kitu cha mpito. Alikuwa amewaona watoto wachanga wakichagua kipande cha blanketi, kitambaa au mdoli na kukishikilia hasa wakati wa kulala na wakati mama anapoondoka. Kwa maelezo yake, kitu hicho humsaidia mtoto kuvuka kutoka hali ya kujiona kuwa kitu kimoja na mama kwenda hali ya kutambua kwamba mama ni mtu mwingine, anayeweza kwenda na kurudi. Kwa kawaida kitu hicho hupoteza nguvu polepole mtoto anapokua; hakiombolezwi wala hakisahauliki kabisa. Lakini Winnicott aliongeza jambo ambalo husahauliwa na wengi: haja ya kitu hicho inaweza kurejea katika umri mkubwa zaidi, mtu anapotishiwa na upungufu au upotevu. Kulazwa hospitalini ni tishio la aina hiyo. Kufiwa, kuachwa na kuhamia mji mgeni ni vitisho vya aina hiyo pia.

Miaka michache baadaye, mwaka 1958, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani alieleza majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa nyani waliotenganishwa na mama zao. Waliwekewa sanamu mbili: moja ya waya, nyingine iliyovikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwenye sanamu ya waya, watoto hao walinyonya na kurudi haraka kuikumbatia ile ya kitambaa, na walipotishwa waliikimbilia hiyohiyo. Majaribio hayo yanalaumiwa leo kwa ukatili wake, na kwa haki. Yalichokionyesha hakijafutika: haja ya kukumbatia kitu laini haitokani na njaa, bali ni haja inayojitegemea.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza kama mambo haya si ya Wazungu tu. Swali hilo ni zuri, na lina jibu. Mwaka 1970 watafiti wa Italia, Renata Gaddini na Eugenio Gaddini, waliripoti kwamba vitu vya namna hii vilikuwa vichache kwa watoto wa vijijini, waliolala karibu na mama zao, kuliko kwa watoto wa mjini Roma. Ulinganisho wa baadaye kati ya watoto wa Korea na wa Marekani ulielekea upande huohuo. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa khanga mchana na kulala ubavuni mwa mama usiku hana sababu kubwa ya kutafuta kitambaa cha kumliwaza, kwa kuwa mwenye kitambaa yupo.

Ndiyo maana kwa mabinti wengi wa huku mdoli hauanzii kitandani kwa mtoto mchanga, bali huanzia kwenye utengano uliokuja baadaye. Binti alipelekwa shule ya bweni akiwa bado mdogo, na ndani ya tranka, kati ya sabuni na madaftari, alitia mdoli aliopewa na shangazi. Au mama alifariki, na mdoli ukawa zawadi ya mwisho. Au alihamia kwa ndugu, katika nyumba ambayo kitu pekee kilichokuwa chake ni hicho. Anayeuliza mdoli ulipatikana lini mara nyingi huwa ameuliza, bila kujua, ni lini mtu fulani aliondoka.

Wala jamii zetu si ngeni kwa jambo hili. Ni umbo lake tu ndilo geni. Mjane hulala na koti la marehemu mumewe na hakuna anayemcheka. Binti huhifadhi khanga ya marehemu mama yake bila kuifua, ili harufu isipotee, na majirani humwelewa. Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, mwali aliyekuwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye umbo la mtu, akakitunza kama mtoto katika kipindi chake cha kuvuka kutoka usichana kwenda uanamke. Madhumuni ya mwana hiti yalikuwa tofauti, yakihusu uzazi na malezi, lakini wazee waliomkabidhi mwali kinyago hicho hawakuona kwamba wanamrudisha utotoni. Khanga ya mama inaheshimiwa. Sungura wa manyoya anachekwa. Tofauti kati ya viwili hivyo ni mazoea ya macho yetu.

Tiba yenyewe, isitoshe, huwapa watu wazima midoli. Katika baadhi ya hospitali za Marekani, mgonjwa aliyepasuliwa kifua kwa ajili ya moyo hupewa mto au mdoli wa kukumbatia anapokohoa, ili kidonda kishikiliwe na maumivu yapungue. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau hupewa wanasesere katika baadhi ya nyumba za kuwatunzia, nao hutulia. Japani ilibuni Paro, roboti laini yenye umbo la mtoto wa mnyama wa baharini aitwaye sili, na mwaka 2009 mamlaka ya Marekani iliitambua kuwa kifaa tiba. Haifai mdoli uitwe tiba unapotoka mkononi mwa daktari, na uitwe upungufu unapotoka kwenye begi la mgonjwa.

Upo upande wa pili wa hoja, nao usipuuzwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, majarida ya kitabibu ya Marekani yalichapisha maandiko kuhusu wagonjwa watu wazima waliokutwa na midoli vitandani, na baadhi ya waandishi wakaihusisha na matatizo ya haiba. Tangu hapo kumekuwa na desturi ya mzaha ya kuutaja mdoli kana kwamba ni dalili. Kasoro ya desturi hiyo ni ya kimantiki. Waliochunguzwa walikuwa watu waliokwisha kufika hospitalini wakiwa na shida. Maelfu wanaolala na midoli yao nyumbani na kuamka kwenda kazini hawakuhesabiwa. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 hauna ugonjwa unaoitwa kupenda midoli, wala uainishaji wa Shirika la Afya Duniani hauna. Utambuzi wa ugonjwa hutokana na mateso ya mgonjwa na kuvurugika kwa maisha yake, hautokani na kilichopo juu ya mto.

Basi ni wakati gani wa kuwa na wasiwasi? Ni pale mtu anapoacha masomo au kazi kwa sababu hawezi kutengana na mdoli. Anapokimbia watu wote na kubaki nao. Fedha ya chakula au ya dawa inapoishia katika kununua mingine, na vyumba vinapojaa hadi pasiwe na mahali pa kulala. Anapousikia ukimpa amri. Ni pale pia haja hiyo inapoibuka ghafla baada ya tukio ambalo hataki kulisimulia. Katika hali hizo tatizo linaweza kuwa sonona, ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ugonjwa wa akili unaoambatana na sauti, au jeraha la ukatili. Hilo ndilo linalotibiwa. Mdoli umeonyesha njia tu.

Tena, iko siku ambayo habari mbaya si kuonekana kwa mdoli, bali kutoweka kwake. Kugawa vitu vya thamani kwa moyo ni mojawapo ya ishara zinazojulikana za mtu anayefikiria kujiua. Binti aliyeshikamana na sungura wake kwa miaka 15, ambaye juma hili amempa mtoto wa jirani huku halali, hali wala hazungumzi kuhusu kesho, anahitaji kuulizwa waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulisema. Lakini atakayegundua kwamba mdoli haupo ni yule tu aliyekuwa ameuona na kuujali. Aliyeucheka hatajua.

Namna ya kuuliza si ngumu. Kwanza, isiwe katikati ya mzunguko mbele ya watu kumi. Muuguzi arudi baadaye na kuketi. Kisha maswali matatu yanatosha: "Huyu ulimpata lini?" "Anakusaidia zaidi wakati gani?" "Akipotea, itakuwaje?" Swali la kwanza hufungua historia ya utengano na misiba. La pili hufichua hofu, maumivu, kukosa usingizi, na mara nyingine mtu anayeogopwa nyumbani. La tatu hupima uzito wa utegemezi. Majibu yatunzwe kwa siri kama siri nyingine yoyote ya mgonjwa.

Heshima hiyo haiondoi wajibu wa usafi. Midoli ya manyoya hukusanya vumbi na utitiri wake, ambao huchochea pumu na mafua ya mzio. Mwenye pumu aufue mdoli wake mara kwa mara kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi kama kitambaa kinavumilia, na auanike hadi ukauke kabisa ndani na nje. Asiyetaka harufu ipotee asibezwe. Winnicott alikwisha kueleza kwamba kufua huvunja mwendelezo ambao mtoto anauhisi. Apewe sababu, achague siku, na afue mwenyewe. Wodini mdoli uwe wa mgonjwa mmoja, usiwekwe sakafuni, na pale ambapo kanuni za kuzuia maambukizi haziruhusu, kama kwenye vidonda vikubwa vya moto au kwa wenye kinga dhaifu sana, mgonjwa aelezwe kabla ya mdoli kuondolewa, na aambiwe umehifadhiwa wapi.

Kwa mama kijana iko tahadhari isiyo na mjadala: mdoli wake usilale na mtoto mchanga. Hadi mtoto atimize miezi 12, mahali anapolala pasiwe na mdoli wala mto laini, kwa kuwa vinaweza kuziba pumzi yake.

Wazazi na waume nao wana sehemu yao. Kuutupa mdoli wa binti ili akue hakumkuzi. Humfundisha kwamba nyumbani pia kuna vitu vya kuficha. Atakayeuacha atauacha kwa wakati wake, wengine hawatauacha kamwe, na wote wanaweza kuwa wake, wafanyakazi na mama wazuri.

Kwa yule wa kitanda cha wodini, swali lingechukua nusu dakika. Muuguzi anaketi, anamtazama sungura, anauliza, "Nani alimshona sikio?" Jibu huenda likaanza na jina la mtu ambaye hajatajwa popote katika faili la mgonjwa, na kutoka hapo matibabu yanaweza kuanza.