NANI ANAKULA AKIBA YETU?

Ndugu Wafanyakazi wa Busia na Malaba,

Siku hizi kila mwenye tai shingoni ni mwalimu wa akiba. Tajiri anatuhubiria akiba. Mkopeshaji anatuhubiria akiba. Hata mwenye duka anayetuandika katika daftari la madeni hutikisa kichwa na kusema, "Nyinyi wafanyakazi hamjui kutunza pesa." Ati sisi ni maskini kwa sababu ya chai na mandazi!

Twawajibu hivi: haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai. Kabla ya kumlaumu mwenye kibaba, na tuyatazame matundu, tena tumtazame aliyeketi chini yake akikinga.

Tundu la kwanza ni mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa Sh. 7.50 kwa kila Sh. 100 kwa mwezi mmoja. Ni kidogo? Pigeni hesabu. Mtu akikopa Sh. 2,000 kwa ada hiyo, akalipa na kukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, atatoa Sh. 1,800 za ada tupu, na zile 2,000 bado anadaiwa. Vyama vingi vya akiba na mikopo katika Kenya vina desturi ya kutoza 1 kwa mia kwa mwezi. Huko angelipa Sh. 240 kwa mwaka, hata kama deni hakulipunguza. Tofauti ni Sh. 1,560. Hiyo haikuliwa na mandazi.

Tundu la pili ni njia. Dereva anafika Malaba na posho ya siku mbili, foleni inamlaza siku tano. Tuliona Januari 2022, wakati wa vipimo vya korona, malori yakipangana makumi ya kilomita. Siku tatu zilizozidi alizila kwa pesa ya nani? Kwa ada ya shule ya watoto wake. Dereva huyo asiambiwe habari za kubana matumizi. Foleni si anasa. Kusubiri ni kazi, na wa kulipa siku hizo ni mwenye lori.

Mtazameni na kijana wa boda boda. Jina hilo lilizaliwa katika mpaka huu huu, zamani za baiskeli, miaka ya 1960. Leo wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine. Tuseme anampelekea mwenyewe Sh. 300 kila siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 93,600, na mwisho wa mwaka hana hata gurudumu moja. Mtu anayeweza kutoa Sh. 300 kila jioni bila kukosa, nani atasema hajui kuweka akiba? Anaiweka kila siku, ila katika mfuko wa mwingine.

Kadhalika pesa za kuvukia. Tangu mwaka 2014 Mkenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Mwenye biashara ndogo, bidhaa zake zikiwa zimetoka Afrika Mashariki, zimo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani haizidi dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa na hatozwi ushuru wa forodha. Hata hivyo jamaa zetu wangali wanapita njia za panya. Huko hutoa kitu kidogo hapa, kitu kidogo pale, na wakikamatwa mzigo wote unakwenda. Kutojua haki yako ni ghali kuliko nauli.

Tundu la tatu ndilo baya kupita yote, maana limetobolewa na mhubiri mwenyewe. Wako matajiri wanaokata mshahara kwa ajili ya chama cha akiba, kisha pesa hazifiki. Mfanyakazi anakwenda kuomba mkopo wa matibabu, anaambiwa kitabu chake ni kitupu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 kinasema tajiri asipozipeleka katika siku 7, atazilipa pamoja na riba isiyopungua 5 kwa mia kila mwezi. Je, ni wangapi kati yetu waliokwisha kuidai riba hiyo?

Hatusemi kwamba kila mfanyakazi ni malaika. Yuko anayepokea mshahara Jumamosi na kukopa Jumatatu, na katikati hapana kitu ila chupa. Huyo tutamwambia sisi wenyewe, kama ndugu. Hatutaki aambiwe na anayemkopesha.

Basi, tufanye nini?

1. Kila mmoja adai karatasi ya mshahara na kuisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imekataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

2. Akiba ikatwe kabla mshahara haujafika mkononi, iende katika chama chetu cha ushirika, na kila mwezi tuhakikishe imefika.

3. Vijana wa pikipiki wakusanyike kumi kumi, wanunue moja, kisha ya pili, hadi kila mtu awe na yake.

4. Siku za foleni ziandikwe katika mapatano yetu na wenye malori.

5. Nauli ya Desemba ianze kuwekwa Juni. Kila mwaka magari ya Nairobi hupandisha bei wakati wa Krismasi, na kila mwaka twashangaa kana kwamba Krismasi ni mgeni.

Ndugu, mtu mmoja akiweka akiba peke yake, tajiri humsifu. Wafanyakazi mia wakiweka pamoja, tajiri huwasalimu kwanza. Chagueni.

UMOJA NI NGUVU.